Usukani flati au pembe za kondoo? Nisikilize kabla hujatoa hela

Jamani kila wiki lazima kuna mtu ananiuliza, anataka baiskeli ya barabarani, achukue ya usukani flati ama ile iliyopinda kama pembe za kondoo, dropu. Na mimi humrudishia swali, utakuwa unaendesha wapi na saa ngapi? Maana kama ni Ntinda kwenda mjini Kampala saa mbili asubuhi, katikati ya taxi (basi zetu ndogo za abiria) na boda, hiyo ni habari nyingine kabisa na ya mtu wa Jumapili anayeenda Mukono, nje ya mji.

Mimi nilianza na flati, mtumba, laki sita na nusu za Uganda. Ilikuwa baiskeli safi tu, sema nikawa nawaona jamaa wa Jumapili wanapita na madropu yao, wameinama, migongo imelala, tamaa ikanishika. Nikatafuta usukani wa dropu na leva zake (vishikio vya breki) kwa mitumba nikampelekea fundi. Mzee akaugeuza geuza akaniambia, "Ssebo (bwana), hii itakusumbua." Nikamwambia wewe funga tu.

Sasa sikia. Bomba la flati pale pa kushikia ni milimita 22.2, la dropu ni 23.8, yaani tofauti haifiki hata milimita mbili lakini vibadilisha gia vyangu vya kubofya, vya usukani flati, vikakataa kuingia kabisa, fundi akaiacha cheni ikae gia moja ya katikati na nikaendesha hivyo wiki mbili, Kampala hii ya vilima! Halafu breki, hapo ndipo balaa lilipokuwa. Yangu ilikuwa na breki za V, zile za mikono miwili mirefu inayobana rimu, hizo zinataka waya uvutwe mwingi, leva za kawaida za dropu zinavuta kidogo. Pale kwa fundi baiskeli imesimama ukiminya unaona inashika. Nateremka Naguru, boda mbele yangu kasimama ghafla kubeba abiria, navuta leva inakuja, inakuja, mpaka imegusa usukani na baiskeli bado inaenda. Nikajitupa mtaroni. Mama muuza rolex (chapati ya mayai) pale pembeni akaniuliza, "We mwanangu, hiyo baiskeli haina breki?" Inayo mama, inayo. Nikaona haya hata kununua rolex.

Kwa hiyo kama una flati usiibadilishe iwe dropu, ukitaka dropu nunua iliyozaliwa na dropu. Zipo leva za dropu zinazovuta waya mwingi, sawa, lakini ukishanunua hizo na gia mpya umekaribia bei ya baiskeli nyingine, na bado fremu ya flati kwa kawaida ni ndefu zaidi, ukiweka dropu mikono inaenda mbele mno, mabega yangu yaliuma mpaka nikarudisha ule wa zamani.

Wa mjini, chukua flati. Vidole viko kwenye breki muda wote, kichwa kiko juu, na shimo likitokea usukani mpana unakupa nguvu ya kukwepa. Upana wenyewe lakini ndio ubaya wake, wangu ulikuwa sentimita 66 (dropu nyingi ni kama 40 hadi 44), kwenye jam ya Wandegeya nikagonga kioo cha taxi, matusi niliyopewa na konda siyaandiki hapa. Nikaukata kwa msumeno sentimita mbili kila upande, kwanza nikiwa nimesogeza leva ndani kuona kama nafasi inatosha.

Safari ndefu ndiyo flati inakushinda. Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80, mikono imekaa palepale, nilipofika Lugazi vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi, kifuniko cha chupa ya maji nafungulia meno. Dropu inakupa pa kuhamia, juu kwenye bomba, kwenye vichwa vya leva (pale leva zinapoanzia), na chini kabisa upepo ukiwa mkali, ingawa huko chini wengi wetu hatushuki mara nyingi, tusidanganyane. Kama hela hakuna, funga vile vipembe vidogo kwenye ncha za flati. Mimi vilinisogeza mwaka mzima.

Leo nina zote mbili, flati ya kazini na dropu ya Jumapili. Ukienda kununua dropu ya mtumba, weka mikono kwenye vichwa vya leva uone kama vidole vinazifikia vizuri, zingine zina skrubu ya kuzisogeza karibu kwa mwenye mkono mdogo. Halafu omba kufunua kidogo tepu iliyozungushiwa usukani, pale karibu na leva. Jasho lina chumvi, linakula alumini chini kwa chini na juu tepu inang'aa kama mpya. Ukiona unga mweupe na vishimo, huo usukani unaweza kukatika, bei ishuke kwa kiasi cha usukani mpya. Muuzaji akikukatalia kufunua, panda taxi urudi nyumbani.