Barua kwa mwanangu: yule wa gitaa anaitwa nani?

Mwanangu, marahaba. Voisi yako ya saa saba usiku niliisikia asubuhi nikiwa napanga nyanya gengeni, sikukujibu palepale maana lile sio swali la kujibu huku unahesabu chenji. Umeniuliza, "Mama, hivi nitajuaje kama napenda muziki kweli au natafuta jina tu?" Na ukaniambia meneja anataka mfanye kiki, mjifanye mmeachana na yule msanii mwenzio ambae hata hamjawahi kuwa pamoja, ili wimbo utrendi. Nimelala nalo siku mbili. Sasa acha nikuandikie, ni ndefu vumilia.

Wimbo nimeusikiliza mara 3, simu nimeitumbukiza kwenye sufuria tupu ili sauti itoke. Kabla hujaimba neno hata moja jina lako limetajwa mara 6, nimehesabu, alafu likaja la prodyuza, alafu la studio, ndo ukaanza. Sauti yako nzuri, hilo sikufichi. Ila ubeti wa pili kuna mtu anapiga gitaa kwa nyuma, kuna mahali anashuka taratibu kama anakungoja umalize kulalamika, yani pazuri mpaka nikaacha kumhudumia mteja, na we hapohapo ndo umeingia na "ee ee" zako ukamfunika. Nilivokupigia kukuuliza yule nani ukasema "sijui mama, prodyuza ndo alimleta". Hapo ndo nilishtuka mwanangu, kuliko hata hayo ya kiki.

Babu yako ulimkuta keshazeeka hashiki tena gitaa. Miaka ya sabini alikuwa anapiga gitaa la ridhim kwenye bendi ndogo hapa Tabora, ndogo kweli, hutaisikia popote. Wakubwa walikuwa bendi ya Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, Shem Karenga alitoka zake Kigoma akaja kuimba hapa, na mzee siku ambayo bendi yake haina shoo anaenda kusimama mlangoni kwao kusikiliza tu. Sasa ridhim we hujaikuta kwenye biti zenu za kompyuta. Solo ndo linasifiwa, besi unaisikia tumboni, ridhim liko katikati linarudia kitu kilekile mpaka wimbo uishe na hakuna anaeligundua, ila likinyamaza wachezaji wote wanapotea miguu. Uzi ukikatika hakuna duka, anachomoa waya mmoja kwenye kebo ya breki ya baiskeli anaufunga. Ukucha wake wa kidole cha shahada ulipasuka katikati kwa zile waya, haukuwahi kuunga tena mpaka tunamzika.

Nikamuuliza siku moja, baba kwanini usipige solo watu wakujue? Hakunijibu. Aliwasha redio pale chini ya mwembe, Isevya, akasema "nionyeshe ridhim iko wapi". Nilisikia muimbaji, nikasikia tarumbeta, nikasikia solo, ridhim siisikii. Kesho yake hivohivo. Siku ya tatu ndo ikaja, kwa mbali, chini ya vyote, na tangu siku hiyo siwezi kusikiliza wimbo wowote bila kuitafuta kwanza. Ndo maana nilimsikia huyo kijana wako.

Alafu jua kwamba wakati ule hata jina lilikuwa halina sura. Huku bara televisheni imekuja 1994, kabla ya hapo ni redio tu. Mwaka 1979 Mbaraka Mwinshehe, yule muimbaji na mpiga gitaa la solo, alipofariki kwa ajali ya gari kule Mombasa, ana miaka 34 tu, nilikuwa darasa la tano, mzee hakula siku hiyo. Nikamuuliza ulikuwa unamfahamu? Akasema sijawahi hata kumuona, naujua mkono wake.

Sikuambii watu wa zamani walikuwa malaika, hapana. Sifa walizipenda, bendi ya mzee yenyewe ilivunjika kwa kugombania nani atangulie kutajwa na nani avae suti nyeupe. Ila tafuta nyimbo zao usikilize pale wimbo unapochanganya, muimbaji anaacha kuimba anamuita mpiga gitaa kwa jina, anamuita wa tumba. Anaita wenzie.

Na pesa usiichanganye humu, pesa ni kitu kingine. Usije ukadhani mtu anaependa muziki kweli ni lazima afe maskini, hayo maneno husemwa na wanaotaka kukutumia bure. Nyimbo za bendi ya babu yako kuna mtu alikuja kuziuza kwenye kaseti mpaka sokoni hapa, tulikuwa tunazisikia zinapigwa dukani na sisi nyumbani hatuna sukari, hakuletewa hata senti moja. Sheria ya hakimiliki ya sasa ni ya mwaka 1999, yeye ilimkuta keshachoka. We nenda COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ukasajili nyimbo zako wiki hii, na huo mkataba wa meneja mpe mwanasheria ausome kabla hujasaini chochote tena, hiyo haikupunguzii mapenzi yako na muziki hata chembe.

Sasa swali lako. Uliponitumia wimbo uliniambia watazamaji elfu ngapi, video mmeenda kuishutia wapi, gauni la nani. Kuhusu wimbo wenyewe hukuniambia kitu. Lakini mimi ndo niliekuzaa, namkumbuka mtoto wa kidato cha pili aliekuja kuniamsha saa kumi usiku ananitingisha bega, "mama nimeipata ile sauti ya pili", sauti ya wimbo wa kwaya ambao hata hakuwa muimbishaji, ukaniimbia gizani huku unatetemeka kwa baridi. Yule alikuwa hatafuti jina. Na sidhani kama kafa, wamemfunika tu kama ulivomfunika huyo wa gitaa.

Kiki usifanye. Watu watakuja kuangalia ugomvi, na ugomvi ukiisha wataondoka zao wanauliza mwingine uko wapi, na we itabidi utunge mwingine, mwisho utajikuta unatunga ugomvi kuliko nyimbo. Meneja akinuna mwache anune.

Rudi studio, toa hizo "ee ee" za ubeti wa pili kijana asikike, alafu nitumie niisikie kabla hujamtumia mtu. Na jina lake uniandikie. Gitaa la mzee liko juu ya kabati, uzi wa tatu umekatika, ukija Desemba pitia Kariakoo ununue seti nzima. Kama huyo kijana hana pa kwenda sikukuu mje nae, maembe yatakuwa yameiva.

Mama yako.