Kiti cha magurudumu Schiphol ni bure, hata kwa anayebadilisha ndege tu

Dada, umeuliza kama bibi yako atatozwa kiti cha magurudumu akibadilisha ndege Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam. Halipi hata senti. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1107 ya mwaka 2006 inakataza kumtoza pesa abiria anayehitaji msaada, awe anaondoka, anafika au anapita tu kubadilisha ndege kama bibi yako. Kazi hiyo ni ya uwanja wenyewe, lakini maombi yanapitia kwa shirika la ndege au wakala aliyewakatia tiketi, angalau saa 48 kabla ya kuruka. Mkichelewa bado watajitahidi kumsaidia, ila msimwache mzee abahatishe hivyo.

Mwambie wakala aweke kwenye buking kifupi sahihi cha aina ya msaada anaohitaji. WCHR ni anayepanda ngazi mwenyewe ila hawezi mwendo mrefu. WCHS ngazi hawezi. WCHC hatembei kabisa, anabebwa hadi kwenye siti. Kwa kuwa umeeleza goti la bibi haliwezi ngazi, ombeni WCHS. Watu wengi huandikiwa WCHR kwa haraka, halafu ndege ikiegeshwa mbali na jengo na abiria wakatakiwa kutumia ngazi, mzee anaziangalia hajui afanyeje.

Nilimsindikiza mama mkwe njia hiyohiyo. Mhudumu alimkuta mlangoni mwa ndege, akamvusha ukaguzi hadi geti la pili. Kama bibi ana kiti chake mwenyewe, nacho kinasafirishwa bure.

Dawa zake akae nazo mkononi, zisiingie kwenye begi kubwa. Na kama hajui Kiingereza, mwandikieni karatasi yenye jina, namba ya ndege ya pili na simu ya atakayempokea.