Kupokea wateja wa kesi za ajali: nianze na swali gani?

SWALI: Wakili, shikamoo. Nimemaliza Kenya School of Law na mafunzo ya ofisini, sasa nasubiri kuapishwa. Ofisi moja ya mawakili hapa Mombasa inayoshughulikia kesi za ajali inataka niwe wakili wa kupokea wateja wapya: niwasikilize, kisha niseme nani tumchukue na nani tumkatae. Wenzangu wananicheka eti nimesomea sheria ili nikae mapokezi. Nimuulize nini mteja katika kikao cha kwanza? Na kesi isiyofaa nitaijuaje?

JIBU: Marahaba, wakili. Wenzako waache wacheke. Mtu wa mapokezi humpa mteja kiti. Wewe utampa jibu la kisheria, na likiwa bovu yeye atapoteza haki yake na ofisi yako itashtakiwa.

Mteja atataka kuanza na kisa: dereva alikuwa mbio, gari likapinduka, yeye akazindukia hospitalini. Mwache aseme, lakini kalamu yako isubiri tarehe. Kazi yako hasa ni kujua siku ambayo madai hayo yatakufa. Kwa kawaida dai la uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, kwa mujibu wa Sura ya 22 ya sheria za Kenya. Ila usikimbilie kuandika miaka 3 kwenye jalada kabla hujauliza gari lilikuwa la nani. Likiwa la Serikali, muda ni miezi 12. Na kama mteja aliumia akiwa kazini na anamdai mwajiri wake, njia si ya korti hata kidogo mwanzoni: madai huenda kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini chini ya sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini, tunayoiita WIBA, tena ndani ya miezi 12. Mahakama ya Juu iliithibitisha njia hiyo Desemba 2019, kwa hiyo wakili anayempeleka mfanyakazi wa kiwandani moja kwa moja kwa hakimu anamchosha bure.

Sasa chukua utingo aliyegongwa na lori la kampuni nyingine huku akipakia mizigo ya tajiri wake. Huyo ana milango miwili, WIBA kwa tajiri na uzembe kwa mwenye lori, na kila mlango una siku yake ya kufungwa. Ukimwuliza tu "uliumia wapi?" hutaiona miwili.

Akija mjane, uliza nani ana hati za usimamizi wa mirathi. Dai la mirathi ya marehemu likifunguliwa na asiye nazo ni batili, na ukiligundua hilo mwaka wa tatu ukielekea ukingoni, huna pa kukimbilia. Ombi la hati ya kumwezesha kufungua kesi lianze wiki ile ile.

Baada ya tarehe, uliza pesa zitatoka wapi. Mawakili wachanga hulionea haya swali hili, kana kwamba ni la tamaa, na matokeo yake mteja anashinda kesi kisha anabaki na karatasi ya hukumu ndani ya fremu. Muulize: ulilipa nauli? Sheria ya bima ya lazima, Sura ya 405, haimlazimishi mwenye gari la kibinafsi kuwakatia bima abiria anaowabeba bure. Aliyepewa lifti na binamu yake aambiwe mapema kwamba huenda binamu ndiye atakayelipa kutoka mfukoni. Abiria wa matatu yuko pazuri zaidi, lakini hata huko sheria inaibana bima kufikia shilingi milioni 3 tu kwa mdai mmoja. Kinachozidi hapo ni cha mwenye gari.

Kisha jina la kampuni ya bima lenyewe lina maana. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na watu waliokuwa na hukumu mkononi wakaambiwa wasubiri. Bima ikiwa hai, ipelekee notisi kabla hujafungua kesi, usije ukapewa hukumu ambayo bima ina sababu halali ya kuikataa.

Karatasi zenyewe unazijua: abstrakti ya polisi (muhtasari wao wa ajali), P3 (fomu ya polisi anayojaza daktari kuhusu majeraha), za hospitali, rekodi za gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri. Zisome pamoja. Jina la sacco, yaani ushirika wa wenye matatu, lililochorwa ubavuni mwa matatu si lazima liwe la mwenye gari, na ukimshtaki asiye mwenyewe muda hautakusubiri ubadilishe. Linganisha tarehe ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, na ya kulazwa. Aliyelazwa siku moja kabla ya ajali kutokea si mteja, ni kesi ya jinai inayokutafuta wewe. Na usisahau kumuuliza kama kuna karatasi ya bima aliyokwisha kutia saini. Wengine hupewa shilingi chache wakiwa bado kitandani, wakasaini kwamba hawadai tena.

Kabla ya hayo yote, tafuta majina kwenye orodha ya wateja wa ofisi. Atakayokwambia mteja ni siri hata ukimkataa, na ukigundua baadaye kwamba mwenye matatu ni mteja wenu wa zamani, umeziharibu pande zote. Vivyo hivyo wakija watano wa familia moja na dereva akiwamo: abiria huenda wakalazimika kumshtaki dereva huyo huyo anayewalipia soda pale nje. Dereva apelekwe kwa wakili mwingine.

Kuhusu malipo, usimwahidi mteja "usiposhinda hulipi". Huko Marekani ni kawaida; hapa kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakitambui mapatano hayo. Na wale vijana wanaozunguka wodini wakikuletea majeruhi ili wagawiwe chao, wafukuze. Kuwinda wateja hivyo ni kosa, na jina litakaloitwa mbele ya jopo la nidhamu la mawakili ni lako.

Utakayemkataa, mkatae kwa maandishi: hatukuchukui, muda wako unakwisha tarehe fulani, tafuta wakili mwingine sasa. Aweke saini kwenye nakala. Ukimkataa kwa mdomo, yeye ataondoka akiamini kesi yake iko kwako.

Jambo la mwisho ni lako wewe. Kabla hujakubali kazi, muulize mwenye ofisi kama neno lako la kukataa linasimama, na kama utalipwa mshahara au kwa idadi ya majalada. Akisema kwa idadi, mimi ningetafuta ofisi nyingine.