Kwa nini alkoholi ya msingi inaishia kuwa asidi badala ya aldehaidi

Umesema umechemsha butan-1-oli (alkoholi ya msingi, yaani OH yake iko kwenye kaboni ya mwisho) pamoja na potasiamu dikromati yenye asidi ya salfuriki ukitaka butanali, aldehaidi yake, ukapata asidi ya butanoiki. Kosa si la kemikali, ni la maji. Butanali ikikutana na maji hujiunga nayo, na kaboni ileile inabeba vikundi viwili vya OH na hidrojeni moja. Kwa dikromati, umbo hilo ni kama alkoholi nyingine, basi inalioksidisha tena hadi asidi. Kurudisha mvuke kwenye chupa kwa kondensa ya wima kunaipa muda wote inaohitaji.

Ukibaki na dikromati, geuza mpangilio: chemsha alkoholi, dondoshea kioksidishaji polepole, na uitoe aldehaidi kwa kuikeneka (kukusanya mvuke wake uliopozwa) papo hapo. Butanali huchemka nyuzi 75 za Selsiasi, butan-1-oli karibu 118, kwa hiyo kipimajoto cha juu ya safu ya kukenekea kikizidi 85, punguza moto.

Mimi ningechagua PCC (piridiniamu klorokromati), kioksidishaji kinachofanya kazi bila maji: moli 1.5 kwa kila moli 1 ya alkoholi, ndani ya dikloromethani kavu, joto la chumba, saa moja hadi mbili. Changanya PCC na selaiti (unga wa kusaidia kuchuja) kwanza, vinginevyo lami nyeusi itaganda kwenye kuta za chupa na kushika zao lako. Ongeza etha, chuja kupitia silika.

Tafadhali, fanyia kazi ndani ya kabati la hewa na uvae glavu: kromiamu(VI), iliyomo kwenye dikromati na PCC, husababisha saratani, na mabaki yake hayamwagwi sinki.