Maswali na majibu: Kabla hujachomeka mashine ya zamani

Safari hii ni kompyuta za zamani na mashine za gemu za enzi za kaseti na CD. Maswali kadhaa yangekuwa mepesi zaidi kama mwenyewe asingekimbilia swichi ya ukutani, kwa hiyo tunaanza na mmoja ambaye bado hajachomeka.

Nimepata mashine ya gemu ya Nintendo, Super Famicom ya Kijapani, kwenye mitumba, haina adapta. Ninayo ya ruta, volti 9, ampea 1, na kichomeo kinaingia vizuri. Niitumie? (Mombasa)

Usiitumie, hata kama namba zinashawishi. Super Famicom inataka volti 10 za DC (umeme wa upande mmoja), miliampea 850, na ncha ya katikati iwe hasi. Adapta za ruta karibu zote zina katikati chanya. Ukichomeka, umeme unaingia kinyume. Ukibahatika inakatika fyuzi ndogo iliyolehemiwa kwenye bodi, usipobahatika unapoteza zaidi ya fyuzi.

Tazama kichoro kilicho kwenye lebo ya adapta: duara dogo lenye nukta katikati, na alama za + na − pembeni. Halafu usikiamini, pima. Weka testa kwenye volti za DC, waya mwekundu ndani ya tundu la kichomeo, mweusi kwenye ganda la nje. Namba ikitokea na alama ya kutoa mbele yake, katikati ni hasi, na hiyo ndiyo unayoitafuta.

Mahali pa kuipata bila kuhangaika ni duka la vyombo vya muziki. Adapta za pedali za gitaa kwa kawaida ni volti 9 DC, katikati hasi. Chagua ya ampea 1 au zaidi, kwa sababu za miliampea 200 zitafanya picha itetemeke au mashine ijizime. Volti 9 badala ya 10 si tatizo. Ndani mna rigyuleta inayoshusha umeme hadi volti 5, na kila volti ya ziada huishia kuwa joto tu.

Adapta mbili za kukwepa. Ya kwanza ni ile halisi ya Kijapani, maana imetengenezwa kwa volti 100 na ukuta wako una 240. Ya pili ni ya NES, mashine ya Nintendo iliyoitangulia hii, ya Ulaya au Marekani. Nayo imeandikwa volti 9 na kichomeo kinaingia, lakini inatoa AC, umeme unaogeuka-geuka kama wa ukutani. NES ina daraja la dayodi la kugeuza AC kuwa DC, Super Famicom haina. Hapo ndipo wengi wameua mashine nzima wakidhani wametumia adapta ya ndugu yake.

Waya wa picha ni rahisi zaidi: tundu la nyuma ni lile lile la Nintendo 64 na GameCube. Ila mashine inatoa NTSC, mfumo wa picha wa Japani, kwa hiyo TV ya chogo inayojua PAL, mfumo wa kwetu, peke yake itakuonyesha picha nyeusi na nyeupe, au inayopanda na kushuka.

Kaseti ya gemu haisomi, tunaipuliza kama zamani. Kuna anayesema tunaiharibu. Kweli? (Tanga)

Kweli. Kinachosaidia si pumzi, ni kule kuichomoa na kuirudisha: meno ya shaba yanasuguana na soketi na kupata mguso mpya. Pumzi inaacha unyevu, na hapo Tanga tayari kuna chumvi ya kutosha hewani.

Chukua pamba ya masikio, iloweshe aisopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 90 au zaidi, sugua meno ya kaseti pande zote mbili kuanzia ndani kuja nje. Badilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Subiri dakika kumi. Kisha ichomeke na kuichomoa mara kumi bila kuwasha umeme, ukiifuta kila baada ya mara mbili tatu, maana inabeba uchafu wa soketi. Spiriti ya rangi inaacha utando. Msasa na kifutio vinakwangua dhahabu nyembamba iliyo juu ya shaba, na ikishaondoka hairudi. Kaseti nyingi halisi za Nintendo zimefungwa kwa skrubu ya ajabu yenye kichwa kama ua, na bisibisi yake ni ya milimita 3.8. Nyingi za kuiga zinafunguka kwa bisibisi ya nyota ya kawaida.

Kompyuta yenye prosesa ya 486 inawaka, inahesabu memori, lakini kibodi haijibu. Nimebadilisha kibodi tatu. (Kampala)

Acha kununua kibodi. Fungua boksi, utazame karibu na tundu la kibodi. Utaona kitu kama pipa dogo, mara nyingi la buluu, kimeandikwa 3.6V. Hiyo ni betri ya nikeli-kadimiamu ya kutunza saa na mipangilio. Kwenye bodi nyingi za 386 na 486 imewekwa sentimita chache tu kutoka kwenye soketi ya kibodi, na baada ya miaka thelathini imevuja.

Ukiinamia na kioo cha kukuzia, utaona unga wa kijani na mweupe kwenye miguu ya betri, lehemu iliyopoteza mng'aro ikawa ya kijivu, na njia za shaba zilizogeuka nyeusi chini ya rangi ya bodi. Maji ya betri hii hayabaki yalipomwagika. Yanatambaa ndani ya njia za shaba kama unyevu kwenye ukuta wa udongo, yanapanda hadi kwenye miguu ya soketi na chipu ya kibodi. Kila mwezi unaoiacha, eneo linapanuka, hata mashine ikiwa imezimwa kabatini.

Kwanza ikate betri kwa koleo na uitoe nje ya nyumba. Kilichovuja ni alikali, kwa hiyo dawa yake ni siki nyeupe ya jikoni. Ipake kwa mswaki mkuukuu kwenye eneo lililoathirika peke yake, itatoa povu dogo, uiache dakika tatu hadi tano, kisha rudia mpaka povu likome. Suuza kwa maji ya betri ya gari, yale safi ya kuongezea na si asidi, halafu maliza kwa aisopropili ili kufukuza maji. Anika kivulini penye upepo siku mbili. Mtu anayekuambia masaa mawili yanatosha hajawahi kuona maji yanavyojificha chini ya chipu.

Baada ya hapo pima kila njia kwa testa iliyo kwenye mlio (inalia kama njia haijakatika). Miguu ya soketi ya kibodi ndiyo ya kuanza nayo: volti 5, ardhi, mapigo ya saa na data. Njia isiyolia iungwe kwa waya mwembamba uliovikwa, kutoka mguu hadi mguu, juu ya bodi. Soketi iliyooza ing'olewe.

Kuhusu betri mpya, usilehemu CR2032 (betri bapa kama sarafu) palepale ilipokuwa ya zamani. Bodi inachaji sehemu hiyo, na betri ya lithiamu haichajiwi, inaweza kupasuka. Weka dayodi ya 1N4148 katikati, inayoruhusu umeme utoke kwenye betri na kuuzuia usirudi. Bodi nyingi pia zina pini nne za betri ya nje na jampa (kiunganishi kidogo cha pini) ya kuchagua. Kama zipo tumia hizo, na uweke betri mbali na bodi, imebandikwa kwenye ukuta wa boksi.

Ugonjwa huu huu uko kwenye kompyuta za Amiga 500 Plus, 2000 na 4000. Xbox ya kwanza nayo ina kapasita (kifaa cha kutunza chaji) ya saa inayovuja, isipokuwa toleo la 1.6. Ing'oe tu. Xbox itaendelea kucheza, itasahau saa ukiichomoa ukutani, basi.

Bunduki ya TV gemu haipigi bata hata mmoja kwenye TV yetu mpya. Imekufa? (Dodoma)

Bunduki ni nzima, TV ndiyo haifai. Ukibonya, skrini inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mraba mweupe unatokea mahali pa bata, na jicho la bunduki linategea mwanga huo kwa wakati kamili. TV bapa inachelewesha picha, mwanga unafika gemu limeshahesabu kwamba umekosa. Tafuta TV ya chogo. Wengi wanaitupa bure.

Nina kompyuta ya zamani ya BBC Micro. Baada ya robo saa ilitoa moshi mweupe wenye harufu mbaya sana, lakini programu iliendelea kama kawaida! Niendelee kuitumia? (Birmingham)

Ichomoe. Kilichopasuka ni kapasita ya kuchuja kelele za umeme ndani ya kisanduku cha pawa, ile yenye ganda la plastiki linaloonyesha ndani, imeandikwa RIFA. Ndani yake ni karatasi, na ganda likipata nyufa karatasi inanyonya unyevu miaka nenda rudi. Siku ukiipa volti 240, inachemka na kupasuka. Kompyuta haikuzimika kwa sababu kapasita hiyo imekaa kati ya waya mbili za ukutani kuzuia kelele tu, haimo kwenye njia ya umeme unaokwenda kwenye bodi.

Ziko mbili, ya nanofaradi 100 na ya nanofaradi 10. Badilisha zote, hata iliyo nzima. Mpya lazima ziwe na daraja la usalama la X2 na volti 275 za AC. Usiweke kapasita yoyote iliyokuwa mezani kwa sababu tu namba ya nanofaradi inalingana. Kabla ya kufungua, chomoa waya ukutani na usubiri dakika kumi na tano, kisha pima kapasita kubwa: inabeba zaidi ya volti 300 za DC, na kipimo kisiposhuka karibu na sifuri usiguse. Kama hujawahi kushika kitu cha umeme wa ukutani, hii mpe fundi. Ni kazi ya nusu saa kwake.

Ndugu yangu amerudi kutoka Uingereza na mashine ya gemu ya Sega Master System II. Picha safi, sauti hakuna, mvumo tu. (Nakuru)

Mashine haina kasoro. Master System II ya Uingereza inatoa picha na sauti kwa waya wa antena peke yake, na Uingereza walitumia mfumo wa TV wa PAL-I, ambao sauti yake iko megahezi 6.0 juu ya picha. TV za Kenya zimepangwa kwa mfumo wa B/G, zinaitafuta kwenye 5.5. Ingia kwenye menyu ya kutafuta stesheni, tafuta sehemu ya mfumo wa sauti, toa BG weka I, halafu hifadhi chaneli hiyo. TV ambayo haina chaguo hilo haitatoa sauti bila kufungua mashine na kutoa waya za AV (picha na sauti) kutoka ndani.

Plagi yenyewe ya miguu mitatu mraba ni ile ile ya kwetu, na volti ni zile zile. Vitu vya Uingereza vina raha hiyo.

PlayStation ya kwanza inasoma CD ikiwa imepinduliwa miguu juu tu. Kwa nini? (Arusha)

Modeli za mwanzo, kama SCPH-1002, zina kitoroli cha lenzi cha plastiki kinachoteleza juu ya reli, na kimewekwa karibu na kisanduku cha umeme. Joto na msuguano vinakila, lenzi inalalia upande mmoja na haiitazami CD sawasawa. Ukiipindua, uzito unairudisha mahali pake. Modeli za baadaye zilipata kitoroli cha chuma na lenzi ikasogezwa mbali na joto.

Anza na kilicho rahisi: pamba yenye aisopropili kidogo kwenye lenzi, bila kuibonyeza, kisha futa grisi kavu kwenye reli na upake mpya isiyodhuru plastiki, tone tu. Isipopona, nunua lenzi yenye namba ile ile iliyoandikwa juu ya ya zamani. Lenzi mpya nyingi huja na tone dogo la lehemu lililounganisha nukta mbili kulinda leza dhidi ya umeme tuli. Liondoe baada ya kuifunga, vinginevyo utasema umeuziwa mbovu. Na pima kwa CD halisi ya kiwandani. Za kuchoma hurudisha mwanga hafifu, lenzi iliyochoka inazikataa kwanza.

Kidokezo cha ununuzi: kwenye PlayStation ya kwanza, tarakimu ya mwisho ya namba ya SCPH inakuambia soko. Sifuri ni Japani, volti 100. Moja ni Marekani, volti 120. Mbili ni Ulaya, ambayo inaingia ukutani kwetu moja kwa moja.

Super Nintendo yangu imekuwa ya njano juu, chini bado ni kijivu. Inasafishika? (Zanzibar)

Huo si uchafu, kwa hiyo sabuni haitaiondoa. Mwanga wa jua, joto na hewa vinaibadili plastiki yenyewe, na nusu mbili hazikutoka kwenye mchanganyiko mmoja kiwandani, ndiyo maana moja imegeuka na nyingine bado.

Dawa iko saluni: krimu ya developa ya volumu 40, yaani haidrojeni peroksaidi ya asilimia 12. Fungua mashine kabisa, bodi na vyuma vyote vitoke, lebo zifunikwe. Osha ganda na ulikaushe. Vaa glavu, paka krimu nene kwa brashi ya nywele, funga ganda kwa nailoni ya chakula na utoe mapovu ya hewa. Weka juani. Kila nusu saa ligeuze na uisambaze krimu kwa vidole juu ya nailoni, kwa sababu panapokauka panabaki baka jeupe ambalo halifutiki, na jua la Unguja linakausha haraka. Anza saa mbili asubuhi, saa sita mchana lipeleke kivulini, osha na utazame. Kama bado, rudia kesho badala ya kuliacha hadi jioni. Krimu iliyobaki usiifunge kwenye chupa isiyopumua, inatoa gesi.

Ujue tu kwamba njano inaweza kurudi baada ya miaka, hata mashine ikikaa gizani. Kama iko sawasawa na haina mabaka, sisi tungeiacha.