Maswali yenu: Kuonja mvinyo wa matunda migombani

Mara ya mwisho niliwasimulia shamba moja dogo juu ya Marangu, ekari moja na nusu ya migomba, kahawa na mipesheni, ambako mama mmoja na wanawe wawili wanatengeneza mvinyo wa matunda na kupokea wageni wanaotaka kuonja. Tangu hapo maswali hayajakoma. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Dada, mimi najua mvinyo ni zabibu. Huko Kilimanjaro mnazitoa wapi? (Tabata, Dar es Salaam)

Hatuzitoi popote, ndugu yangu. Shamba lile halina mzabibu hata mmoja. Mzabibu unapenda jua na ukavu, hasa matunda yanapoiva. Huku mlimani mvua ni nyingi na umande wa asubuhi hauondoki upesi, na jani la mzabibu likishinda limelowa, kuvu hawachelewi. Kwa zabibu nenda Dodoma. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950, na leo wakulima wa Makutupora na Hombolo wanavuna mara mbili kwa mwaka, wakati wenzao wa Ufaransa na Italia wana mvuno mmoja tu.

Sisi tuna ndizi. Na mvinyo, ukiutazama kwa undani, ni maji ya tunda ambayo hamira imekula sukari yake ikaacha kileo na hewa ya ukaa. Zabibu imejaliwa: inakuja na maji yake, sukari yake na uchachu wake, karibu kila kitu kwa kipimo. Ndizi ina sukari ya kutosha, lakini uchachu ni kidogo na kuikamua ni kazi, kwa hiyo mama yule huipika, huichuja kwa kitambaa, kisha huongeza maji ya ndimu. Pesheni ni kinyume chake, uchachu umejaa na sukari haitoshi. Rozela nayo si tunda hasa, ni vile vikombe vyekundu vinavyolishika ua. Rangi na ukali vimo humo, sukari unatia mwenyewe.

Kwa hiyo kila chupa utakayoonja pale ni jinsi mtu alivyolisaidia tunda lake pale lilipopungukiwa. Ndiyo maana nawasihi msiende kulinganisha na chupa ya Afrika Kusini mliyokunywa kwenye harusi. Onjeni kilicho mbele yenu.

Shikamoo dada. Sijawahi kuonja mvinyo kwa mtindo huo wa kupewa kidogo kidogo, naogopa kuonekana mshamba. Na ni kweli watu wanatema? (Njiro, Arusha)

Marahaba mdogo wangu. Usiogope. Wanaotengeneza wanafurahi zaidi wakipata mgeni anayeuliza kuliko anayejifanya anajua.

Siku yangu ilikuwa hivi. Meza ya mbao chini ya mti, chupa nne, glasi, jagi la maji, sahani ya ndizi za kuchoma na parachichi. Unamiminiwa kama vidole viwili. Kwanza inua glasi uitazame kwenye mwanga: wa ndizi unapaswa kuwa na rangi ya asali nyepesi, na ukiwa na wingu kidogo si kosa, ndizi ni ngumu kutulia. Halafu nusa kabla ya kunywa, na ndiyo sababu nakuomba siku hiyo uache marashi nyumbani. Kisha piga funda dogo, likae mdomoni. Pembe za ulimi zikitoa mate, huo ni uchachu. Ufizi na meno vikikauka kama umeuma ndizi mbichi, huo ni ukakasi. Meza, halafu subiri. Mvinyo mzuri huwa na la kusema hata ukishashuka, na ule wa pesheni niliouonja pale ulikaa kooni muda mrefu, harufu yake kama umetoka kupasua tunda lenyewe kwa kisu. Anza na mkavu, yaani usio na utamu, malizia na mtamu. Ukianza na mtamu, unaofuata wote utaonekana siki.

Kutema, ndiyo, watu wanatema, na ndoo ipo kwa kazi hiyo. Ila wazee wa kwetu hawajazoea kuona kinywaji kikitemwa, wanaweza kudhani umekikataa. Mwambie mwenyeji mapema: "Mama, nina safari, nitaonja tu bila kumeza." Ataelewa, na hutamuumiza.

Usiishie mezani. Omba uoneshwe kinakochachukia. Pale Marangu ni chumba cha udongo chenye ubaridi, madumu ya lita 20 yamepangwa ukutani, kila moja lina mpira mwembamba unaotoka kwenye kifuniko na kuzama katika chupa ya maji. Hewa inatoka kwa mapovu, ya nje haiingii. Nilichuchumaa na yule kijana mdogo tukahesabu: povu moja kila sekunde nne. "Likifika moja kwa dakika," akaniambia, "tunauhamisha uachane na mashapo." Hakuwa na saa. Anahesabu kwa mdomo, na anajua kila dumu lilianza siku gani.

Nilinunua chupa mbili za mvinyo wa ndizi nikaziweka kabatini. Baada ya wiki mbili kizibo cha moja kiliruka chenyewe, mvinyo ukamwagika jiko zima. Niliuziwa kibovu? (Sakina, Arusha)

Hapana, uliuziwa kisichomaliza kazi. Sukari ilikuwa imebaki na hamira ilikuwa hai, basi kuchachuka kukaendelea ndani ya chupa. Kwenye dumu hewa ilikuwa na mpira wa kutokea. Chupani haina pa kwenda, na joto la jikoni linaihimiza.

Hili limenipata. Nilibeba chupa tatu kwenye buti, nikasimama Boma Ng'ombe kununua nyama, jua la saa nane. Niliporudi nilipokewa na harufu ya ndizi mbivu kabla sijafungua buti. Chupa moja ilikuwa imepasuka kabisa, na vipande vya kioo vilikuwa vimechoma mfuko wa mchele uliokuwa pembeni. Nilisimama pale nikiwaza kama ningekuwa nimempakata mtoto na chupa ile mapajani.

Kwa hiyo lichukulie kwa uzito. Chupa ya pili iweke kwenye friji leo hii, baridi huipunguza hamira kasi. Ukiifungua, funika kizibo kwa taulo nene, uso uwe mbali, legeza polepole. Halafu mpigie aliyekuuzia umweleze. Usimpigie kwa ugomvi, bali kwa sababu huenda ana chupa nyingine hamsini za siku hiyohiyo ndani ya nyumba anayolala na wanawe. Wengi wao wanahukumu kwa macho na masikio tu. Kile kipimo cha kioo kinachoelea, kinachoonesha sukari iliyobaki, kingewaondolea hasara nyingi, na kama una uwezo, mnunulie mmoja wao.

Ukikuta mvinyo unanuka siki bila povu, hilo ni jambo jingine: hewa imeingia, bakteria wamegeuza kileo kuwa siki. Usiumwage. Tia kwenye kachumbari, au lowekea nyama.

Familia yetu haigusi pombe, lakini watoto wanatamani shamba. Tutakaribishwa? (Usa River)

Mtakaribishwa sana, ila semeni mnapopiga simu. Mimi naona shamba lenyewe ndilo utajiri, mvinyo ni tunda lake mojawapo. Watoto watachuma kahawa nyekundu, wataona inavyomenywa, inavyokaangwa na kutwangwa kwenye kinu. Waonesheni mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji kutoka juu mlimani, Wachaga wamekuwa wakigawana maji yake kwa zamu vizazi na vizazi. Na waonesheni jinsi kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, kilivyopangwa: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na magimbi chini kabisa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikiorodhesha kihamba cha Shimbwe Juu, huko Uru, kati ya urithi wa kilimo wa dunia.

Jambo moja la tahadhari. Mkiletewa juisi, ulizeni imekamuliwa lini. Juisi ya jana iliyokaa bila friji huenda imeshaanza safari.

Twende lini, na kwa usafiri gani? (Wengi)

Epukeni masika, Machi hadi Mei. Udongo wa kule ukilowa hata bodaboda wanateleza. Juni hadi Oktoba ni pazuri, Januari na Februari pia. Fikeni asubuhi, mdomo ukiwa haujachoshwa na chakula. Kutoka Moshi kuna daladala za Marangu kupitia Himo, mbele yake mtachukua pikipiki. Anayeendesha asionje hata tone, awe dereva wenu au wa bodaboda. Msimpe kwa ukarimu. Bebeni kikapu kigumu cha chupa, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019, na chupa mbili zikigongana kwenye barabara ile hazifiki.

Nitajuaje kuwa ni salama? (Himo)

Kinachouzwa kwenye chupa yenye lebo kiwe na alama ya TBS, shirika la viwango. Wadogo wengi wako njiani kuipata, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, huwasaidia kwa mafunzo, kwa hiyo uliza bila kuona haya. Tazama vyombo, harufu ya chumba, maji wanayooshea. Mvinyo uliochachushwa kwa usafi hauna hatari ya kutisha. Hatari iko kwenye kilichochemshwa na kukingwa mvuke. Ukiletewa gongo kwa jina la "mvinyo mkali wa shamba", shukuru, uondoke.

Baba yangu anasema hiyo yote ni mbege iliyotiwa chupani. Ni kweli? (Kiborloni, Moshi)

Msalimie sana mzee. Ana haki nusu. Vyote viwili vinaanzia kwenye ndizi mbivu iliyopikwa. Lakini mbege inachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na jina lenyewe mbege kwa Kichaga ndilo ulezi, kisha inatiwa gome la msesewa ili ipate uchungu wake. Kwa sababu ya kimea iko karibu na bia kuliko mvinyo. Inanyweka ndani ya siku chache, nzito, bado inachemka kwa ndani, na kileo chake ni kidogo. Mvinyo hauna nafaka, unasubiriwa miezi mpaka utulie, na mara nyingi unafika asilimia 10 hadi 12 ya kileo.

Ninachokubaliana na mzee kwa moyo wote ni kwamba mbege isifichwe. Nimefika kwenye mashamba ambako mgeni anawekewa glasi mezani huku mbege ikinywewa nyuma ya jiko, kana kwamba ni aibu. Kinywaji cha posa, cha matanga, cha kupatanisha ndugu! Ukienda, iulizie kwa jina.

Mimi niliiulizia. Mama yule aliweka chini chupa ya rozela, akaingia ndani, akarudi na kata iliyojaa, povu la rangi ya udongo likiwa ukingoni. Hakunipa moja kwa moja. Alipiga funda la kwanza yeye mwenyewe, kama bibi yangu alivyokuwa akifanya ili mgeni aone kuwa hakuna kibaya ndani, akafuta ukingo kwa kiganja, ndipo akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikasema aika, asante ya Kichaga, nikanywa.