Mji wa Maboksi

SWALI: Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne na hushinda uani akikata maboksi, akijenga mji ambao haupo popote. Majirani wanamwambia mama kwamba huo ni mchezo wa kitoto. Je, yupo msanii wa zama hizi aliyeheshimiwa kwa kazi ya namna hiyo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Yupo, tena wa nchi jirani. Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, nchini Kongo, akahamia Kinshasa mwaka 1970 na kufanya kazi ya ualimu, kabla ya kushika mkasi, wembe, gundi na karatasi. Alipopeleka kazi yake ya mwanzo kwenye makumbusho ya taifa, wahusika hawakuamini kwamba ni ya mikono yake, wakamtaka aunde nyingine mbele ya macho yao. Aliiunda, na wakamwajiri kukarabati vinyago. Majirani zenu, basi, si wa kwanza kutilia shaka.

Mwaka 1989 alialikwa kwenye maonyesho makubwa mjini Paris, na tangu hapo majengo yake ya karatasi ngumu, vizibo vya soda na makopo yakakua yakawa miji mizima. Mwaka 1994 alikigeuza kijiji alikozaliwa, kwa karatasi zake, kuwa jiji la maghorofa ya rangi. Mji wake uitwao Ville Fantôme, wa mwaka 1996, una urefu wa karibu mita 6, na mwenyewe alisema kwamba humo hamhitajiwi polisi. Wapo wanaoona kwamba huko ni kuikimbia Kinshasa halisi. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mtu anayeikimbia dunia hakai chini kubuni kituo cha utafiti na tiba ya UKIMWI, kama alivyofanya yeye mwaka 1991, wakati ambapo ugonjwa huo ulikuwa hauna dawa ya kutegemewa.

Mwambie mdogo wako atazame jambo moja katika picha za kazi hizo: mitaani hamna sanamu ya mtu hata mmoja. Mwaka 2018, miaka 3 baada ya Kingelez kufariki, jumba la sanaa ya kisasa la MoMA la New York lilipoonyesha kazi zake, watazamaji walivishwa miwani inayoonyesha picha za kompyuta, wakajiona kana kwamba wanatembea ndani ya Ville Fantôme.